Gaidi la vali: brasi au chuma cha kasti?

SWALI: Habari fundi. Nina malori mawili ya mzigo, Mombasa hadi Malaba. Moja lina injini ya silinda sita yenye tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), na hedi yake, yaani kichwa cha injini, ni ya chuma. Mwaka jana tulifungua hedi tukaweka magaidi ya vali, vile vibomba vinavyoongoza shina la vali, ya brasi, na fundi akaniahidi kwamba sitayaona tena. Miezi saba baadaye lori likaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu asubuhi. Tulipofungua, vali mbili za ekzosi zilikuwa zimekwama, na magaidi mengine yanacheza kwenye matundu yake. Sasa hedi iko kwa mkerezaji Industrial Area. Yeye anasema tuweke brasi tena, lakini "ile nzuri". Duka la spea Kirinyaga Road wanasema nirudishe chuma. Dereva amesikia kuna bomba jembamba la kuvisha ndani ya gaidi la zamani. Nichukue lipi? — Mwenye malori, Athi River

JIBU: Dada yangu, pole kwa lori lililolala. Nakupa jibu fupi mapema ili mkerezaji asiendelee kukupigia simu: kwa injini hiyo, upande wa ekzosi rudisha chuma cha kasti (cha kumiminwa), au kile chuma cha unga kama ndicho kilichotoka nacho kiwandani. Upande wa kuvuta hewa fanya vivyo hivyo. Ila usitoe hata shilingi kabla hujajua vali utakazofunga zina shina la aina gani. Gaidi huchaguliwa kwa kutazama shina linalopita ndani yake na hedi inayolishika, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunabishana juu ya kibomba kimoja kana kwamba kinaishi peke yake.

Jina hilo la gereji nalipenda. Tulilitoa kwenye Kiingereza, "guide", tukalitamka tulivyoweza, likatoka "gaidi", na likamfaa mwenyewe kabisa. Amejificha ndani ya hedi, humwoni mpaka ubomoe nyumba nzima, na akiharibika anakuibia oili usiku na mchana bila kelele.

Kazi yake kubwa ni kuiongoza vali ishuke na kupanda wima, ikae kwenye siti, kikalio chake ndani ya hedi, palepale kila mara. Kazi ya pili ni joto. Kichwa cha vali ya ekzosi ya dizeli iliyobeba mzigo hupita nyuzi 600 za selsiasi. Takriban robo tatu ya joto hilo hutokea kwenye siti kila vali inapofunga, na lililobaki hupanda shina, likaingia kwenye gaidi, likaingia kwenye hedi, likachukuliwa na maji. Kwa hiyo gaidi likiwa limelegea, hata kama ni la dhahabu, lile joto halina njia ya kupita.

Sasa hiyo sifa ya brasi ilitoka wapi? Si uongo mtupu. Ilitoka kwenye magari ya mbio na kwenye hedi za alumini, na huko ni haki yake. Chukua pau ya kasti ya mita moja, uiongeze joto nyuzi mia: itarefuka milimita 1.1 hivi. Pau ya bronzi, ambayo gereji nayo huitwa brasi, itarefuka kama 1.8, na ya alumini 2.2 au zaidi kidogo. Ndani ya hedi ya alumini, gaidi la bronzi linapanuka karibu sawa na nyumba yake, wanakwenda pamoja. Ndani ya hedi ya chuma mambo yanageuka. Bronzi inataka kupanuka, chuma kinaizuia. Ikishazuiwa nje, nafasi pekee iliyobaki ni kule ndani, kwa hiyo tundu linabana shina wakati ambapo shina lenyewe limenenepa kwa joto. Hapo vali hukwama.

Halafu jioni lori linapoa. Bronzi iliyobanwa ikiwa moto ililainika na kukubali kukunjwa kidogo, na ikipoa inasinyaa kutoka kwenye umbo hilo jipya, ikawa ndogo kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza. Ule mshiko wa kuingizwa kwa nguvu unapungua. Rudia hivyo kila siku, Mombasa na kurudi, na baada ya miezi gaidi linacheza kwenye tundu lake. Hedi yako sijaishika, lakini barua yako inasema vali zilikwama na magaidi yakalegea, mambo ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Ni ugonjwa mmoja, umeutazama ukiwa moto na ukiwa baridi.

Na njia yako haisamehi. Unatoka usawa wa bahari unapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako hewa ni nyepesi. Tabo inafidia sehemu ya upungufu huo, lakini kama imechoka, au injekta zinamwaga zaidi ya kipimo, dizeli inakosa hewa ya kuichoma, moshi unakuwa mweusi na joto la ekzosi linapanda. Kisha kuna kushuka. Dereva mzuri akiteremka Mai Mahiu au Salgaa anatumia breki ya ekzosi, na simlaumu, namsifu. Lakini ujue inavyofanya kazi: kizibo kinafunga bomba, shinikizo linapanda nyuma yake hadi baa 3 au 4, na hewa hiyo yenye masizi inatafuta pa kutokea. Inapanda kati ya shina na gaidi. Ikikuta nafasi kubwa, inaingia na masizi yake na kukausha oili kidogo iliyokuwepo. Gaidi la ekzosi la lori la Kenya linafanya kazi kavu na chafu, na chuma cha kushika kazi hiyo ni kile chenye ulainisho wake mwenyewe.

Ndiyo sababu naitetea kasti. Ndani ya kasti ya kijivu kuna vipande vidogo vya grafiti, jamaa wa ile iliyo kwenye penseli. Shina likisugua, grafiti inatoka kidogo kidogo na kulainisha, na vile vishimo inavyoviacha vinashika oili. Kasti nzuri ya magaidi huongezwa fosforasi kidogo, ambayo hujenga wavu mgumu ndani ya chuma na kupunguza ulaji. Inapanuka sawa na hedi yako kwa sababu ni ndugu wa damu. Haishtui mtu, haing'ai dukani, na haina hadithi ya kusimulia kijiweni. Chuma cha unga nacho ni kazi ya viwanda vya leo: unga wa chuma na shaba kidogo na kilainishi kikavu hushindiliwa kwenye kalibu, ukaokwa mpaka ushikane, kisha matundu yake madogo yakanyweshwa oili. Injini nyingi za karibuni zimetoka nacho. Ukikipata cha saizi yako, chukua, ila mwambie mkerezaji atumie rima (kisu cha kusawazisha tundu) ya kabaidi, ile ngumu sana, maana rima ya kawaida itakufa tundu la tatu na matundu yaliyobaki yatakuwa ya kubahatisha.

Kuna kasti na kasti, lakini. Niliwahi kuletewa seti iliyokerezwa kutoka kwenye chuma cha skrapu, sijui kilikuwa ngoma ya breki au nini. Kwa macho ilikuwa safi. Rima ilipoingia ikawa inaruka, kwa sababu ndani kulikuwa na sehemu ngumu kama kioo na sehemu laini zikifuatana. Ukiambiwa "tutakutengenezea hapa hapa", uliza pau imetoka wapi. Pau ya kasti ya kununuliwa kwa kazi hiyo ipo, na anayeitumia hukuonyesha mabaki yake bila kununa.

Turudi kwa hiyo brasi "nzuri". Hapa Nairobi chochote cha njano ni brasi, na hilo ndilo tatizo la kwanza. Brasi yenyewe ni shaba na zinki, chuma cha makufuli na mifereji ya maji. Kwenye ekzosi ya lori haina kazi, italainika na kulika. Bronzi ya fosforasi ni shaba na bati, inateleza vizuri sana lakini haipendi joto kali. Ya manganisi ni ngumu zaidi na hupitisha joto vyema. Kisha kuna ile ya alumini na nikeli, ngumu kuliko zote, ambayo ndiyo mara nyingi huuzwa kama "ile nzuri". Watu hushangaa nikiwaambia kwamba hiyo ya mwisho hupitisha joto kidogo kuliko kasti ya kijivu. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba brasi inatoa joto haraka inategemea ni brasi gani, na rangi haikwambii. Mkerezaji asiyeweza kukutajia jina la pau yake anakuuzia rangi.

Sisemi mtu asiguse bronzi. Hedi ikiwa ya alumini, bronzi ya manganisi naikubali bila kusita. Na ikiwa vali zako zina shina la chuma kisichopata kutu ambalo halikupakwa kromu, nitakukataza kasti mimi mwenyewe. Hapo ndipo penye siri ya jambo lote.

Vali nyingi za ekzosi kichwa chake ni chuma cha pua chenye kromu, nikeli na manganisi nyingi, kinachovumilia joto. Chuma hicho kikisugua kasti kikiwa uchi kinashikana nayo, kinachubuka, na mwisho kinajilehemu. Ndiyo maana watengenezaji hulipaka shina kromu ngumu, au kulipika kwa naitrojeni, kabla ya kulikutanisha na kasti. Vali za bei nafuu wakati mwingine hurukwa hatua hiyo. Unaweza kuweka kasti bora duniani, vali ikaila kwa wiki sita, kisha lawama ikaenda kwa gaidi. Ukienda dukani chukua sumaku ndogo. Kwenye kichwa cha vali ya ekzosi mara nyingi haitashika. Ipandishe kwenye shina: ikianza kushika katikati, maana yake shina limeunganishwa kwa chuma kingine kigumu, jambo la kawaida kabisa. Kisha tazama shina kwenye mwanga wa jua, utafute mstari mwembamba ambapo mng'ao unabadilika karibu na kichwa; mara nyingi hapo ndipo kromu inapokomea. Usipouona, muulize muuzaji, na jibu lake aliandike kwenye risiti. Akikataa kuandika, umeshajibiwa.

Nina kipande kwenye meza yangu ambacho huwaonyesha wanafunzi. Ni gaidi la ekzosi la lori la mzigo, nimelipasua kwa msumeno kutoka juu hadi chini kama mtu anayepasua muwa. Katikati ukuta wa ndani bado una mistari ya rima, umebaki mpya. Kushuka kuelekea ekzosi unafunguka kama tarumbeta, na doa jeusi la masizi limepanda upande mmoja tu, mpaka theluthi ya urefu. Juu nako pamefunguka, lakini upande wa pili. Nilipolipima kabla ya kulipasua, katikati nafasi ilikuwa milimita 0.06, chini 0.27. Ukiyaona madoa hayo mawili yakitazamana kwa mshazari, unajua kilichotokea: roka, ule mkono unaoisukuma vali ifunguke, ilikuwa imelika mdomo, ikawa inaisukuma vali kando badala ya kuishusha, na vali ikawa inayumba kama mtoto kwenye bembea. Mwenye lori lile alikuwa amebadilisha magaidi mara mbili na aina ya chuma mara mbili. Roka haikuwa imeguswa na mtu.

Kwa hiyo zako zipimwe pia. Mdomo wa roka, ncha ya shina, na kama springi zinasimama wima. Dakika ishirini.

Lile bomba jembamba alilolisikia dereva ni kitu cha kweli na si cha kudharau. Gaidi la zamani hupanuliwa kwa rima, likavishwa ganda la bronzi ya fosforasi lenye ukuta wa nusu milimita hivi, kisha ganda likatanuliwa kwa kifaa chake mpaka likumbatie kila upande. Kwa kuwa ni jembamba, ule ugomvi wa kupanuka unakuwa mdogo, na joto linavuka haraka. Kwenye hedi ambayo gaidi ni sehemu ya hedi yenyewe, mara nyingi ndiyo tiba bora. Ila linahitaji seti kamili ya vifaa, si rima na nyundo, na linahitaji gaidi mama lililoshika imara. Yako yanacheza. Kuvisha ganda ndani ya gaidi linalocheza ni kupoteza pesa, kwa hiyo mwambie dereva asante, lakini safari hii hapana.

Kuna na dawa nyingine utakayosikia, ya kupitisha kifaa kinachochora mikunjo ndani ya gaidi la zamani ili chuma kiinuke na nafasi ipungue. Hiyo ni ya mtu anayetaka kuuza lori wiki ijayo.

Kwa sababu magaidi yalilegea, matundu ya hedi yenyewe huenda yamepanuka, au yatakwaruzwa yakigongwa kutoka. Hili ndilo jambo la kusimamia kwa macho yako. Kila tundu lipimwe juu, katikati na chini. Gaidi liwe nene kuliko tundu kwa milimita 0.02 hadi 0.05. Mkerezaji akikwambia "thao mbili" usishtuke ukatoa elfu mbili. Anasema sehemu mbili kati ya elfu moja za inchi, ambazo ni milimita 0.05. Tundu likiwa limezidi, linyooshwe kwa rima, kisha lipate gaidi la ovasaizi lililokerezwa kulifuata. Tundu moja moja, maana hayatalingana. Gundi hapana. Kugonga alama za patasi kwenye mdomo wa tundu ili libane hapana pia, hata kama atakuapia.

Kabla ya yale ya zamani kutolewa, kimo chake kutoka usoni mwa hedi kipimwe na kuandikwa. Nimeona hedi ikirudi magaidi yamepanda milimita mbili zaidi na kibakuli cha springi kikagonga sili, ile kofia ya kuzuia oili juu ya gaidi, siku ya kwanza. Mapya yalale kwenye friza usiku mzima, hedi ipashwe joto nyuzi mia hivi, yaingie kwa presi. Ndani ya hedi yatabana, tundu la ndani litapungua, na hiyo ni kawaida: ndipo rima inapita kutafuta nafasi ya mwisho. Kwa mashina ya milimita 8 hadi 10, injini nyingi za lori huanza na 0.03 hadi 0.06 upande wa kuvuta hewa, na 0.05 hadi 0.09 upande wa ekzosi. Kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Fundi anayesema "nafasi naisikia kwa mkono" akapime kwa mkono lori lake.

Siti zikatwe baada ya magaidi, kamwe si kabla. Kisu cha siti kinasimama juu ya fimbo inayoingia kwenye gaidi, kwa hiyo gaidi jipya ni kitovu kipya, na siti ya zamani itakuwa imehama upande hata kama ni kwa unywele. Fundi akibadilisha magaidi kisha akasugua vali kwa unga wa kusagia tu, vali itakaa upande mmoja, itapoteza ile robo tatu ya njia ya joto, na itaungua. Laiti ungekuwa na mojawapo ya Scania nyingi, au Actros ya Mercedes yenye injini ya OM501, ambako kila silinda ina hedi yake, ungeweza kuanza na mbili zilizoumwa. Kwa hedi ya kipande kimoja, fanya zote kumi na mbili au ishirini na nne, vyovyote zilivyo.

Sili usiache wachanganye. Kwenye baadhi ya injini za ekzosi na za kuvuta hewa hazifanani, na ile inayobana sana ikienda ekzosi, gaidi linakauka kabisa.

Lori la pili usilifungue kwa woga. Kama nalo linatoa moshi wa buluu, kwanza toa lile bomba linalopeleka hewa kutoka kwenye tabo kwenda injini, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka kimelowa oili, acha hedi ilipo, mwizi wako yuko kwenye tabo. Kikitoka kikavu, shusha manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye hedi) na umulike tochi matundu moja moja. Tundu lililolowa upande wa juu, kuzunguka shina, ndilo la gaidi. Nitumie picha yake kabla hujampigia mkerezaji.